Nyumba Hii Mnaionaje Sasa?

Masomo: Ezra 3:10–13; Hagai 2:1–9

Mwaka 1971 Serikali ya Tanzania ilijiwekea lengo kwamba ndani ya miaka ishirini, yaani kufikia 1991, kila mwananchi wa kijijini awe anapata maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mwaka 1978, huko Alma-Ata, mji wa Kazakhstan, mataifa yakaafikiana juu ya afya kwa wote ifikapo mwaka 2000. Sisi tuliokua tukisikia maneno hayo, "ifikapo mwaka 2000", tuliuwaza mwaka huo kama mji wenye lango, ambao tukishaingia shida zingebaki nje. Tumeingia, na robo karne imepita.

Simu hakuna aliyetuahidi. Zamani fedha za mama nilimkabidhi kondakta wa basi ndani ya bahasha, kisha nikakaa siku kadhaa nikingoja habari kwamba imefika. Jumamosi iliyopita nilimtumia nikiwa kwenye foleni ya duka la dawa: jina lake likatokea kwenye kioo, nikaingiza namba ya siri, na kabla zamu yangu haijafika akapiga. "Imefika, mwanangu. Ngoja nikateke maji kwanza kabla jua halijawa kali, ndipo nipite kwa wakala." Kisima kiko katika bonde lile lile alilokuwa akiteremka nilipokuwa mtoto. Tusichoahidiwa kimekuja mfukoni. Tulichoahidiwa bado anakibeba kichwani.

Wana wa Israeli nao waliahidiwa, wakiwa uhamishoni Babeli, kwamba nyika ya Sayuni ingefanywa kama Edeni. Koreshi, mfalme wa Uajemi, alipowaruhusu kurudi walikuta vifusi, na baadaye ukame, na mshahara uliotiwa katika mfuko uliotobokatoboka. (Anayelipa makato kila anapotoa fedha kwa wakala hahitaji kufafanuliwa aya hiyo.) Msingi wa hekalu ulipowekwa vijana walipiga kelele za furaha, lakini wazee waliokuwa wameliona lile la kwanza, lililobomolewa mwaka 586 KK, walilia kwa sauti kuu. Vijana hawakukosea, kwa sababu hawakuwa na hekalu jingine la kulilinganisha na hilo.

Miaka mingi baadaye, mwaka 520 KK, nabii Hagai anatumwa kwa watu hao, na linalonigusa ni kwamba hawakemei waliovunjika moyo, kama tunavyozoea kumkemea ndugu anayelalamika, tukimwambia kwamba hana shukrani. Anawauliza waziwazi: nyumba hii mnaionaje sasa, je, si kama si kitu machoni penu? Swali hilo linatoka kwa Bwana mwenyewe, naye analiuliza kwanza, kisha ndipo anawaambia wawe hodari wafanye kazi, kwa maana yu pamoja nao. Sisi, naona, tumeigeuza shukrani kuwa kizibo cha mdomo, tukihimizana kushukuru kwa ajili ya simu ili mtu asiulize habari za kisima.

Ezra anasema kwamba siku ile watu hawakuweza kupambanua sauti ya furaha na sauti ya kilio, na kwamba kelele hiyo ilisikika mbali. Nami Jumamosi ile, simu ikiwa sikioni, nilimsikia mama akicheka, na nyuma ya kicheko chake mlio wa ndoo tupu.