Sikiliza Kidole Gumba

Redioni, nyimbo za zamani za magharibi mwa Kenya huwekwa zote katika kapu la zilizopendwa, na benga, muziki wa magita wa Waluo, ikachanganywa na omutibo, upigaji gita wa Waluhya, kana kwamba asili yao ni moja. Asili ni mbili, na gita lenyewe hukuambia ni ipi.

Kwa omutibo, chukua "Sengula Nakupenda" ya George Mukabi, mwana wa Kisa, Uluhyani, aliyefariki 1963. Ni gita kavu moja tu, lisilo la umeme, lakini unaweza kuapa kwamba wapigaji ni wawili. Kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene bila kusimama, na cha shahada kinachomoa wimbo kwenye nyuzi nyembamba. Vidole viwili, basi. Wanaojifunza kwa kijiti cha plastiki huupata wimbo lakini besi hufa, kwa kuwa kijiti hakiwezi kuwa juu na chini kwa wakati mmoja. Anza na gumba peke yake, polepole, mpaka uweze kuzungumza na mtu huku likiendelea. Ndipo uongeze noti za shahada zinazoangukia pamoja na gumba. Zile za katikati ya mapigo zije mwisho, maana ndizo huliyumbisha.

Halafu kuna chupa! Mapigo ya omutibo hutoka kwenye chupa ya Fanta ya kioo, ile ya zamani yenye pete ubavuni, ikikwaruzwa kwa kipande cha chuma. Chupa laini haikwaruziki, na ya plastiki hailii kabisa. Ishike kwa ncha za vidole. Ukiifumbata, kiganja kinameza mlio.

Benga ya D.O. Misiani na bendi yake, Shirati Jazz, ni habari nyingine. Hapa magita ni ya umeme, na nyuma yake unasikia asili yake, nyatiti, kinubi cha Waluo: nyuzi 8, na mpigaji amevaa pete ya chuma kwenye dole gumba la mguu, akigonga nayo ubao. Ndiyo maana gita la benga hupiga vifungu vifupi, vikali, vinavyorudi na kurudi, na besi ikivijibu. Utamu wenyewe uko pale waimbaji wanaponyamaza na magita yakashika kasi. Watangazaji wengi hukata wimbo papo hapo, na inauma.

"Helule Helule" ya Daudi Kabaka, ambayo The Tremeloes waliirekodi Uingereza mwaka 1968, usiitafutie nafasi kwenye omutibo wala benga. Hiyo ni twist, mtindo mwingine wa dansi.