91 ilinidanganya miaka mingi

Jamani mi nilikuwa naamini kabisa 91 ni namba tasa. Si ina ile sura? Witiri, haiishii na 5, ukijumlisha tarakimu zake unapata 10 kwa hiyo 3 haiingii, basi nikawa naipita tu. Kumbe 7 mara 13! Na 51 nayo hivyohivyo, 3 mara 17, hii ndo inaniuma zaidi maana 5 na 1 ni 6, ningejumlisha tu ningeikamata.

Siku hizi siangalii sura, natafuta vigawo, yaani namba zinazoigawa bila kubakiza. Tasa ina vigawo viwili tu, 1 na yenyewe, kikipatikana kingine chochote imetoka kwenye utasa (1 ina kigawo kimoja kwa hiyo haimo, msinianze). Wengi wanachoka sababu wanadhani lazima ugawe kwa kila namba mpaka mwisho, wakati unagawa kwa tasa peke yake, 2, 3, 5, 7, 11 unaendelea hivyo, unaacha ukifika kwenye ile ambayo ikijizidisha yenyewe inapita namba yako. Chukua 97, jaribu 2, 3, 5, 7, zote zinabakiza, inayofuata ni 11 na 11 mara 11 ni 121, tumeshapita, basi 97 ni tasa. Yaani vigawo vinatembea viwiliviwili, kama kungekuwa na kikubwa huko mbele, mwenzake mdogo ungeshamkuta njiani.

Ambayo sio tasa unaivunja mpaka ikatae. 84 anza na 4 mara 21 au 7 mara 12, utaishia palepale, 2 × 2 × 3 × 7. Ndo maana hili jina la tasa linanichekesha, hizohizo tunazoziita tasa ndo zimezaa nyingine zote.

Na kudanganywa hakukuanza na mimi. Fermat, bingwa wa namba wa Ufaransa, aliamini 4,294,967,297 ni tasa, mpaka mwaka 1732 mwanahisabati Euler akaonyesha inagawanyika kwa 641, unapata 6,700,417 kamili bila baki. Kwa mkono!

Mi mwenyewe jana nilikaa na 221, nikafika 11 nikafunga daftari najua nimemaliza, kumbe 13 mara 13 ni 169, bado haijapita. Nikafungua tena. 13 mara 17.