Baraza langu la Minnesota na bwana mthamini

Kwetu Tanga deki hupigwa kwa tambara na ndoo ya maji. Huku Minnesota deki hujengwa. Ni baraza la mbao nyuma ya nyumba, pa kuchomea nyama miezi michache kabla theluji haijalifunika. Nyumba tuliyonunua, kaskazini mwa Minneapolis, ilikuwa na mlango wa kioo jikoni uliofungukia hewani, umezibwa kwa ubao tu. Mwaka wa tatu mke wangu akasema basi, imetosha.

Nikapata fundi wa Bukavu, mikono yake dhahabu. Tuligombana kwenye kibali. "Ile papier ni ya nini, yaya? Utaamsha mutu wa kodi." (Yaya kwao ni kaka.) Alisisitiza kwamba baraza lisilofika futi za mraba 200 haliombewi kibali. Nusu yake ni kweli. Msamaha upo, lakini hapa Minnesota hizo 200 ni za banda la vifaa; baraza lina masharti yake, na huja kwa pamoja: lisiwe juu ya ardhi kwa zaidi ya inchi 30, wala lisishikamane na nyumba. Langu lilikuwa futi 12 kwa 16, yaani 192, ila limeshikwa ukutani, na ukidondoka toka juu kiuno hakisalimiki. Nikaomba kibali.

Kabla ya jembe kugusa ardhi unapiga 811, bure, watu wanakuja kupuliza rangi kwenye majani: nyekundu ni umeme, njano gesi, buluu maji. Uani kwangu kukawa kama khanga. Kisha mashimo ya nguzo. Eneo letu sheria inataka inchi 42, futi tatu na nusu, kwa sababu maji ya udongoni yakiganda yanavimba na kuisukuma nguzo juu, na ukifika mwezi wa nne baraza limeinama kama mlevi. Mkaguzi huja kuyaona mashimo matupu, kabla ya zege. Alitumbukiza futikamba yake, shimo moja likasoma 36. Akatikisa kichwa, akaondoka. Fundi akarudi kuchimba huku akinung'unika Kiswahili cha kwao, sikuelewa yote na afadhali.

Mara ya pili kosa lilikuwa kwenye ubao unaoshika ukuta: fundi alikuwa amepigilia misumari. Hapo mkaguzi hakuwa na utani. Baraza likianguka na watu, mara nyingi ni ubao huo uliong'oka, aidha ulishikwa kwa misumari, aidha maji yaliingia nyuma yake ukaoza. Tukaweka skrubu nene na bati la kukinga maji. Kwenye kingo alikuja kupima upana wa nafasi, zisipitishe mpira wa inchi 4, kichwa cha mtoto kisije kukwama. Septemba akapitisha kazi yote, kibali kikafungwa.

Mutu wa kodi aliamka kweli, maana ofisi ya vibali na ya mthamini hupashana habari. Hapa thamani ya nyumba huhesabiwa kama ilivyo tarehe 2 Januari, taarifa huja karibu na Machi, na kodi yenyewe hulipwa mwaka unaofuata, nusu Mei 15 na nusu Oktoba 15. Mama alipiga simu siku ileile nilipofungua bahasha. Yeye kodi ya jengo hukatwa akinunua umeme wa LUKU, tangu 2021, hapewi hata muda wa kukasirika. "Kwa hiyo mnalipia na baraza?" Tunalipia, Mama.

Ila kwenye kadi ya nyumba yangu huko kwa mthamini baraza lilikuwa limeandikwa futi 16 kwa 24. Mara mbili kamili! Kuna bodi ya rufaa inayokaa Aprili na Mei, nami nilishaanza kupiga pasi shati. Jirani akaniambia piga simu kwanza. Mthamini akaja siku ya tatu, kijana mpole, akapima, akasahihisha papo hapo. Shati likarudi kabatini.

Wakati anafunga faili akauliza: "Mnaishi hapa wenyewe?" Nikasema ndiyo, miaka mitatu sasa. Akanigeuzia skrini. Nyumba ilikuwa imesajiliwa kama ya mpangishaji. Mwenye kuishi nyumbani kwake lazima aombe mwenyewe kutambuliwa, mwisho Desemba 31, ndipo apunguziwe thamani inayotozwa kodi na aweze kudai marejesho ya kodi kwa fomu M1PR. Siku ya kununua nilisaini makaratasi mpaka mkono ukafa ganzi, nikadhani na hilo limo. Nilipopiga hesabu usiku ule, baraza lilikuwa linanigharimu kidogo kuliko karatasi hiyo moja niliyokuwa sijaijaza.

Nikaijazia pale pale barazani, kalamu ikigoma kwa baridi. Fundi nilipomsimulia alicheka sana, kisha akaniomba nimtumie hiyo karatasi.