Herufi Moja na Tarakimu Moja

Wiki iliyopita kijana mmoja wa kitengo cha ununuzi aliniletea rasimu ya jedwali la vipuri niipitie kabla zabuni haijatangazwa. Katika safu ya beringi alikuwa amekata kwa kalamu nyekundu kila mahali palipoandikwa C3, na pembeni ameandika kwa adabu: "Hii ni chapa ya mtengenezaji, naomba iondolewe." Nilimwomba aketi, na kabla sijamjibu lolote nikaikumbuka asubuhi moja ya mapokezi ya vipuri katika bohari ya kituo kimoja cha kusukuma maji.

Pampu zilikuwa mbili, na moja ilikuwa imesimama kwa sababu beringi za mota yake zilikuwa zimekufa. Zabuni ilikuwa imekwenda bila dosari: ilitangazwa, ikafunguliwa mbele ya wazabuni wenyewe, ikatathminiwa, mkataba ukatiwa saini na mzigo ukafika ndani ya muda. Mimi niliteuliwa mjumbe wa kamati ya ukaguzi na mapokezi, pamoja na ofisa ugavi, mhasibu na Fundi Mkuu, mzee ambaye alikuwa ameifungua na kuifunga mota ile tangu ilipoletwa.

Mwenyekiti alisoma jedwali la mkataba kwa sauti, kipengele kimoja baada ya kingine, na ofisa ugavi akaweka alama ya vema kwenye nakala yake. Tulipofika kwenye beringi nilizipima mwenyewe kwa kalipa: kipenyo cha ndani milimita 65, cha nje milimita 140, upana milimita 33. Ndivyo beringi yenye namba 6313 inavyotakiwa kuwa, popote itengenezwapo. Mwakilishi wa mzabuni alikuwa amesimama karibu na mlango, ameshika hati ya makabidhiano na kalamu tayari. Fundi Mkuu alichukua beringi moja, akafuta mafuta ya kuzuia kutu kwa kidole gumba, akaielekeza dirishani na kusoma maandishi yaliyochongwa ubavuni mwa ringi. Akaizungusha polepole mpaka alipoanzia, akasoma tena. Akaiweka chini, akafungua boksi la pili, kisha la tatu, na kila mara alifanya hivyo hivyo bila kusema neno. Sote tulikuwa tumeacha kazi zetu na kumtazama.

"Bwana Mwenyekiti," akasema hatimaye, "hizi si za mota."

"Namba si ndiyo hiyo hiyo, Mzee?"

"Namba ndiyo. Nafasi yake siyo."

Aliyoyaeleza baadaye, akiwa amesimama na beringi mkononi, nimeyarudia kwa vijana wengi, ingawa sidhani kama nimewahi kuyasema kwa ufasaha wake. Kati ya gololi na ringi mbili za beringi huachwa nafasi ndogo mno isiyoonekana kwa macho. Kwa beringi ya ukubwa ule, nafasi ya kawaida ni kati ya maikromita (sehemu za elfu za milimita) 8 na 28, na ile ya beringi zenye alama ya C3, ambayo hizi tulizoletewa hazikuwa nayo, ni kati ya maikromita 23 na 43. Ringi ya ndani inaposhindiliwa kwenye shafti hutanuka kidogo, na mota ikishika moto wa kazi ringi hiyo hupata joto kuliko ya nje, ikatanuka zaidi. Nafasi ya kawaida inaweza kumezwa yote. Gololi zikibanwa zinazidisha joto, grisi inayeyuka na kutoka, na beringi hukwama huku shafti ikiendelea kulazimishwa kuzunguka. Alama ya C3 si mali ya kampuni yoyote. Watengenezaji karibu wote huitumia kwa maana ileile, na makundi ya nafasi hizo yamepangwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO 5753.

Ofisa ugavi alikwenda ofisini kuchukua jalada. Ombi la awali la karakana lilikuwa na alama hiyo, kwa mwandiko wa Fundi Mkuu mwenyewe. Katika jedwali la zabuni haikuwapo. Mtu fulani katika hatua za katikati alikuwa ameiondoa, na aliiondoa kwa nia njema kabisa, kwa sababu mwaka uliotangulia wakaguzi walikuwa wamehoji zabuni iliyotaja chapa ya kampuni moja. Kanuni anayoiogopa kila mnunuzi wa umma ni hii: usitaje chapa isipokuwa pale ambapo huna njia nyingine ya kukieleza kitu kwa usahihi, na hapo uongeze maneno "au inayolingana nayo". Mkataba wa Ununuzi wa Serikali wa Shirika la Biashara Duniani, uliotiwa saini Marrakesh mwaka 1994, una sharti hilo, na sheria za nchi nyingi zinalo pia. Ni kanuni nzuri, nami naitetea, kwani nimeona jinsi chapa moja ikitajwa inavyofunga mlango kwa wengine wote. Lakini mtu asiyejua beringi hana namna ya kutofautisha alama ya kampuni na kipimo cha kazi, na mezani kwake huwa hapafiki mtu anayejua.

Mabishano yaliyofuata ndiyo yanayonirudia zaidi. Mhasibu, ambaye pampu kusimama ilimuumiza kama sisi, alisoma vile vipimo vya maikromita na kuuliza swali zuri: ikiwa makundi yale mawili yanaingiliana kati ya 23 na 28, je, haiwezekani kwamba baadhi ya beringi zilizo mezani zinafaa? Fundi Mkuu alikubali kwamba inawezekana. Ila hatukuwa na chombo cha kuzipima, na hakuwa tayari kufunga mashine inayotegemewa na watu wengi kwa kubahatisha. Ofisa ugavi alitaka tuukatae mzigo. Mwenyekiti akamuuliza tuukatae kwa kifungu kipi, maana mzabuni alikuwa ameleta kile tulichoandika, na kukataa kitu kinachotimiza mkataba ni kuuvunja mkataba huo sisi wenyewe.

Hapo mwakilishi wa mzabuni akasema kwa upole kwamba angeweza kuzirudisha na kuleta za C3 kwa tofauti ndogo ya bei. Nilitamani Mwenyekiti akubali palepale. Badala yake aliweka miwani mezani na kusema kwamba wazabuni walioshindwa walishindana kwa karatasi ile iliyokuwa mbele yetu, na hatuwezi kumpa mmoja wao karatasi nyingine baada ya wengine kwenda nyumbani. Nilimkasirikia. Nilimheshimu pia, na hisia hizo mbili bado ninazo.

Tulitia saini hati ya mapokezi, kwamba vifaa vimekidhi mkataba, na tukaambatisha taarifa ya pekee kwamba beringi zile zisifungwe kwenye mota za pampu. Mzabuni alilipwa. Ununuzi mwingine ulianza upya, safari hii Fundi Mkuu akiwa ameketi na ofisa ugavi kupitia kila mstari wa jedwali, na kwa muda wote huo kituo kiliendeshwa kwa pampu moja na maji yakatolewa kwa zamu. Beringi za mwanzo zilitumika polepole kwenye mashine nyingine zisizopata joto kali, na zile zilizobaki zikawa hoja ya ukaguzi: kwa nini serikali imenunua vipuri visivyotumika? Majibu tuliyoandika yalikuwa ya kweli yote, na hayakumridhisha mtu.

Liko jambo ambalo sijalimaliza moyoni. Kabla ya tarehe ya mwisho ya zabuni, kila mzabuni ana haki ya kuomba ufafanuzi, na jibu hupelekwa kwa wote bila kumtaja aliyeuliza. Hakuna aliyeuliza. Muuza beringi anayeona namba 6313 chini ya kichwa cha habari kinachosema "vipuri vya mota za pampu" anaweza kabisa kujiuliza kuhusu nafasi. Inawezekana wote hawakujua. Inawezekana mmoja alijua akaona si kazi yake, au aliogopa kwamba akiuliza atawaamsha washindani wake nao wapange bei zao kwa usahihi kama yeye. Mwakilishi yule aliyesimama mlangoni alilitaja jina la C3 bila kusita, na mimi nililigundua hilo baadaye sana, nilipokuwa sina tena nafasi ya kumuuliza.

Nilimsimulia kijana haya yote. Alisikiliza, akarudisha alama alizozikata, kisha akaniuliza kama sasa tuandike kwamba namba na alama zote za jedwali ni vipimo vya kazi na si chapa, na kwamba mzabuni anayeona upungufu ana wajibu wa kuutaja. Sehemu ya kwanza niliikubali mara moja. Ya pili tunaijadili bado, kwa sababu mwanasheria wetu anasema hatuwezi kumbebesha mzabuni wajibu wa kusahihisha kazi yetu, nami sijapata hoja ya kumpinga.