Siku niliyoukanyaga mshale

Kwa saa nzima nilikuwa nikiukanyaga mmea niliotumwa kuutafuta. Nilikuwa mwanafunzi wa elimu ya mimea, na mwalimu wetu, mama mtaratibu aliyekwisha kustaafu lakini asiyeweza kukaa mbali na vinamasi, alinikabidhi fremu ya mbao ya mita moja ya mraba. Niilaze chini mara kumi, na kila mara niandike mimea yote iliyomo ndani yake. Zaidi ya yote alitaka kujua kama Triglochin palustris, mmea mwembamba wa vinamasini, ungali upo pale.

Nilipofika fremu ya sita buti zilishajaa maji. Daftari langu lilisomeka: nyasi, nyasi, ndago, nyasi. Chochote chembamba cha kijani, kwangu kilikuwa nyasi.

Akaja polepole, akikanyaga mafungu ya ndago asizame, akainama. Alichuma jani moja, akalifikicha, akanisogezea puani. Giligilani! Nilishtuka kabisa.

"Nyasi gani hizo zinazonukia hivyo, mwanangu?"

Nikataka kulionja. Akanidaka mkono. "Hili hapana." Ng'ombe akilitafuna, akasema, jani hutoa sianidi, na wakati wa ukame sumu huzidi.

Kisha akanipa lenzi yake, nikapiga magoti topeni. Jani halikuwa bapa. Lilikuwa nene kidogo, nusu duara, lenye mfereji upande wa ndani karibu na kitako. Shina lilisimama tupu, bila vifundo vya nyasi wala pembe tatu za ndago. Huko juu vijitunda vyembamba vilijibana na shina, vingi vikiwa bado vibichi. Kimoja tu kilikuwa kimekomaa, na hicho ndicho nisichokisahau: kilikuwa kimepasuka kuanzia chini, vipande vitatu vyenye ncha kali vikining'inia kileleni, umbo la kichwa cha mshale. Jina Triglochin ni la Kigiriki, maana yake ncha tatu. Mnyama akipita, ncha hizo hunasa kwenye manyoya yake, na mbegu husafiri naye. Nilichomoa kipande kimoja kikaning'ang'ania kwenye soksi mpaka jioni.

Mmea huu hata ukoo wa nyasi haumo. Miongoni mwa ndugu zake wa karibu ni yale majani ya baharini wanayokula kasa. Nilimwomba alirudie hilo, kwa kuwa nilidhani sikusikia vizuri.

Nilizifuta kurasa zote, nikaanza upya kutoka fremu ya kwanza, safari hii nikifikicha kila jani nililolitilia shaka. Mvua ikaanza kunyesha tukiwa kwenye ya pili. Mwalimu hakuondoka. Alifungua mwavuli, akaushika juu ya daftari langu, yeye mwenyewe akilowa, hadi nilipoandika lile jina kwa mara ya nne.