Kinga moja ya kufanya kila kitu

Nimetafuta kinga (baisikeli) moja tu, moja peke yake, ya kuenda kazi, ya kubeba mtoto, ya kutoka nje ya muji siku ya yenga (jumapili), na pia ya kurudisha mufuko wa unga kutoka soko, na leo nataka niandike venye nimefika mahali niko, kwa sababu njia ilikuwa ndefu.

Wakati nilikuwa nasoma Unilu, chuo kikuu cha Lubumbashi, nilipenda mbio. Asubuhi kutoka Katuba mpaka Kasapa, tairi nyembamba, gidoni (usukani) ya kuinama, kadre (mwili wa kinga) nyepesi, unapita taksibisi zenye zimekwama na unafika mbele yazo. Ile kinga ilikuwa nzuri kweli kweli, sina neno baya juu yake. Lakini masomo yalikwisha, haraka nayo ikaisha, nikaanza kupenda barabara ya Kipushi, kilometa kama 30 hivi, na polepole nikaanza kuacha lami, naingia mu vile vijia vya wabeba makala (makaa) ndani ya pori la miombo. Kule mu kiangazi vumbi iko laini kama unga, tairi nyembamba inazama, unateremuka unasukuma. Mvua ikikuja, mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu, udongo mwekundu unajaza kati ya tairi na fursheti (uma yenye inashika gurudumu) mpaka gurudumu inakataa kuzunguka. Njo pale nilielewa kama kitu cha kwanza cha kuangalia kwa kinga ni nafasi. Nafasi ya tairi kubwa, nafasi ya matope kupita. Vitesi (gia) unaweza kuongeza kesho, fremi (breki) pia unabadilisha, lakini kadre yenye iko na nafasi ndogo itabaki hivyo mpaka kufa.

Wale watu wa makala nimewaangalia sana. Wanachukua kinga ya zamani, chuma kizito, wanaongeza nondo ku fursheti, portibagaji (kibeba mizigo cha nyuma) wanaisudia (wanaichomelea) upya, wanapanga mifuko mpaka huoni mtu nyuma yake, na wanaisukuma kilometa na kilometa mpaka muji. Nawaheshimu sana, na kama unataka kujua chuma gani inavumilia hii inchi, uliza wao kwanza. Nilifikiria kuchukua ya namna ile, ila fremi zake za vyuma zinashika janti (rimu) ya chuma, na hiyo janti ikilowa hazishike tena vizuri, na mimi nabeba mtoto. Hapana.

Kisha kuna hii mambo ya namba, yenye ilinifungua macho. Fundi mumoja muzee ku Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, aliniona niko na tairi ku mukono, imeandikwa 26, akaniambia, "Mwana, acha hiyo 26, soma namba ndogo ku pembeni." Nikamuambia ndiyo papa, nikasoma, 590. Gurudumu yangu ilikuwa 559. Zote mbili wanaita 26, na haziingiliane hata kidogo, milimeta 31 ya tofauti! Na 28 iko vile vile: ile kubwa ya zamani ya fremi za vyuma ni 635, ya kisasa ni 622, na tena hiyo 622 njo wanaita 29 ku makinga ya milima. Ile namba ya mwisho ni kipimo cha mahali tairi inakaa ku janti, ya mbele yake ni upana, basi 50-559 ni tairi ya milimeta 50 ya kukaa ku janti ya 559. Tangu siku ile sinunue tairi bila kusoma.

Nilitamani pia 584, yenye wanaita 27.5, juu tairi yake ya 47 inafikia karibu urefu sawa na 622 ya tairi ya 28, maana yake unapata upana bila kinga kupanda juu. Fikra nzuri sana. Lakini ku meza za mafundi wenye nawajua, 26 ya 559 njo inajaa, na kwangu kinga ya kila kitu lazima ikutoboke popote na upate mpira wa ndani palepale, hata kijijini.

Basi nikachukua kadre ya milima ya kitambo, okazio (yenye imetumika), ya chuma, nyuma ndefu, na matundu ya kufunga portibagaji. Nikaweka tairi za 50 zenye ziko laini katikati, gidoni nikaipandisha, mbele nikaacha duara tatu za meno ya vitesi, juu mlima wa kubeba mtoto na unga pamoja si mchezo. Pumzi ya tairi naweka kidogo kuliko zamani na mikono hainiume tena. Ku lami ya Kasapa vijana wananipita, wapite tu, mimi naongea na mwanangu nyuma, anauliza kila mti.

Mke wangu anaipanda pia, anashusha seli (kiti) tu na anaenda, na hiyo sikuipanga lakini imenifurahisha kuliko yote.

Kitu kimoja kinabaki. Gadibu (ya kuzuia matope) ya mbele yenye niko nayo ni fupi, matope yanarukia miguu na sheni (mnyororo), na mvua iko karibu. Mwenye anajua mahali wanauzisha ndefu ya 26, ya upana wa 60 hivi, aniandikie hapa chini.