Dawa ya Kuotesha Nywele Homoni Zinapobadilika

Wanawake wanaokaribia kukoma hedhi husimuliana kwa urahisi habari za joto la ghafla, usingizi unaokatika usiku na hedhi inayopotea miezi miwili kisha ikarudi kwa wingi, lakini habari za nywele kupungua utosini hunong'onwa tu, na mara nyingi anayebebeshwa lawama ni msusi. Nami niliziona dalili hizo: njia ya katikati ilizidi kupanuka kila niliposuka, na ngozi ya utosi ikaanza kuonekana kwenye picha, ilhali nywele za mbele kwenye paji na za kisogoni zilibaki vile vile. Hapakuwa na mba, mapunye wala maumivu. Naandika kwa ajili ya mwenzangu aliyefika hapo na ambaye tayari ameshika pochi kwenda kununua dawa ya kuotesha nywele, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba dawa hizo humfaa mtu akishajua kwanza nywele zake zinanyonyoka kwa sababu gani.

Daktari wa ngozi aliyenihudumia aliuliza maswali mengi kuhusu hedhi kabla hajagusa kichwa changu, kisha akaagiza vipimo vya damu: wingi wa damu, akiba ya madini ya chuma na utendaji wa tezi ya thairoidi iliyopo shingoni. Hedhi nzito za umri huu zinaweza kumaliza chuma mwilini bila mtu kutambua, na tezi ya thairoidi ikilegea nayo hunyonyoa nywele kichwa kizima. Hali hizo hutibiwa zenyewe, si kwa dawa ya kupaka. Aliniuliza pia kama nameza vidonge vya vitamini iitwayo biotini, vile ambavyo kila anayelalamikia nywele huelekezwa avinunue. Vidonge hivyo huweza kupotosha majibu ya maabara, yakiwemo ya thairoidi na hata ya kipimo cha kutambua shambulio la moyo, na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari juu ya jambo hilo mwaka 2017. Mtu anayevitumia anapaswa kumwambia daktari kabla ya kutolewa damu.

Majibu yangu hayakuonyesha upungufu wowote, na hapo ndipo daktari alipotaja homoni. Mzizi wa unywele hufanya kazi kwa zamu: hukuza unywele kwa miaka kadhaa, hupumzika kwa takribani miezi 3, kisha huuachia na kuanza upya. Kwa wanawake waliorithi wepesi wa nywele kupungua, mizizi ya utosini hufupisha zamu ya kukua, na kila unywele mpya hutoka mwembamba kuliko uliotangulia. Hali hiyo hujitokeza zaidi estrojeni, homoni ya kike, inaposhuka. Mama yangu na mama mdogo walikuwa na utosi wa namna hiyo, na walijifunga kilemba bila kumwambia mtu sababu.

Dawa niliyoandikiwa ni minoksidili ya maji ya asilimia 2. Ilianza kama kidonge cha shinikizo kubwa la damu, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1979, na kwa kuwa waliokimeza waliota nywele sehemu mbalimbali za mwili, ikatengenezwa ya kupaka kichwani, ikaidhinishwa kwa wanaume mwaka 1988 na kwa wanawake mwaka 1991. Kazi yake ni kurefusha zamu ya kukua. Haigusi homoni zenyewe, na ndiyo maana anayeiacha hupoteza tena katika miezi michache alichokipata. Kwa hiyo kabla ya kununua chupa ya kwanza ni vyema mtu ajiulize kama ataweza kununua ya mwakani.

Maelekezo ya karatasi ya dawa hayakuandikwa kwa ajili ya kichwa kilichosukwa, kwa hiyo nilitafuta utaratibu unaonifaa. Nasuka twende kilioni nyepesi, bila rasta na bila kuvuta, ili njia kati ya mistari ibaki wazi. Navuta mililita 1 kwa mrija wa matone, naishusha kidogo kidogo juu ya ngozi ya utosi, wala si juu ya nywele, kisha naisambaza kwa ncha za vidole na kunawa mikono. Hufanya hivyo asubuhi na tena mapema jioni, ili ikauke kabla sijalala, isije ikahamia kwenye foronya na kutoka hapo usoni, ambako inaweza kuotesha vinyweleo. Sipaki mafuta juu yake wala sivai wigi kabla haijakauka. Alkoholi iliyomo kwenye dawa hukausha nywele za kipilipili, kwa hiyo mafuta ya nazi nayapaka kwenye nywele zenyewe, nikiiacha ngozi.

Wiki za mwanzo nywele zilinyonyoka zaidi, kama nilivyoonywa, kwa kuwa dawa husukuma nje nywele zilizokuwa zimepumzika. Wengi huiacha hapo. Ipo pia hofu ya siku ya kufumua, ambayo wasusi wetu wanaijua vizuri: kichwa chenye afya hudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku, na anayekaa na msuko wiki 3 huzikuta zote kwa pamoja, pengine nywele 2,000, kwenye kitana kimoja. Kipimo ninachokiamini ni picha ya njia ya katikati, ikipigwa mahali pale pale na kwa mwanga ule ule kila baada ya miezi kadhaa, kwa kuwa dawa hii haionyeshi lolote la maana kabla ya mwezi wa 4. Kwangu njia imeacha kupanuka na vinywele vifupi vimejitokeza kandokando yake. Utosi haujarudi kuwa wa ujana, nami nimeridhika.

Mdogo wangu, anayenyonyesha, aliiona chupa akasema, "Dada, nigawie na mimi kidogo tu." Nilimkatalia. Nywele zinazonyonyoka miezi miwili hadi minne baada ya kujifungua ni zile ambazo ujauzito ulizizuia zisianguke kwa wakati wake. Kwa kawaida nywele huota tena zenyewe kabla mtoto hajatimiza mwaka, na minoksidili haishauriwi kwa mjamzito wala anayenyonyesha. Nilimsihi apime damu, ale vizuri na aache kukaza misuko ya pembeni.

Wapo pia wasiopaswa kusubiri hata kidogo. Miongoni mwa wanawake wenye asili ya Afrika kuna ugonjwa unaoanzia katikati ya utosi na kuenea kwa nje, ukiacha kovu mahali pa mizizi. Kwa macho hufanana sana na hali yangu, lakini ngozi huwa laini yenye kung'aa, na wengine huhisi muwasho au kuchomwachomwa. Mzizi uliogeuka kovu hauoti tena, iwe kwa minoksidili, maji ya vitunguu au mafuta ya nyonyo, hivyo kila mwezi unaopotea kwa kujaribu makopo yasiyo na orodha ya vilivyomo ni hasara isiyolipika. Daktari anaweza kukata kipande kidogo cha ngozi ili kuthibitisha, kisha akaanza dawa za kutuliza uvimbe. Kwa upande wa kaskazini mwa Tanzania, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, ni mahali ambapo wataalamu wa fani hii wanapatikana. Anayeuona utosi wake unang'aa amwone daktari wa ngozi mapema, kabla ya kwenda dukani.